Miguu ya Bernado

Sogeeni wanangu, sogeeni mkae, na wewe Ryoba hiyo spana iweke chini kwanza, maana mtu hawezi kuaga dunia huku mwanae amemsimamia na spana kama anangoja kumfungua nati. Nyumba ya Kiriba mmekaa upande huu, nyumba ya Bunda upande ule, kama timu mbili za mpira, na mimi siyo refa, mimi ni baba yenu. Changanyikeni. Alfonce, kaa na Ryoba. Gati binti yangu, kaa hapo mlangoni. Mama Bernado, Boke wangu, wewe njoo hapa kichwani kwangu unishikie kikombe.

Mnanijua mimi ni Masatu wa Wanzagi. Kati ya Sirari na Lamadi hakuna gari ambayo haijanipigia honi ya heshima. Nilikuwaga naweka sikio kwenye boneti, naiambia injini sema unaumwa wapi, na injini inasema, tena kwa adabu. Wakati wa vita ya Kagera nilitengeneza lori la jeshi kwa kijiko na kamba ya kiatu, likaenda mpaka Kampala likarudi, na kijiko wakanirudishia kimeng'aa. Leo huyo Masatu hawezi kunyanyua uji. Kifua changu kimekuwa kabureta iliyoingia mchanga, hewa inaingia kidogo inatoka kwa kukohoa. Daktari wa Musoma ameniambia nikapumzike nyumbani, na daktari akikwambia hivyo ujue aliyechoka ni yeye.

Sasa asubuhi mlifikiri nimelala. Mimi nilikuwa nimefumba macho tu, masikio yalikuwa uwanjani pamoja na nyie. Nimesikia jeki ikipanda, nimesikia gurudumu la mbele likitoka kwenye pikapu. Nimemsikia Alfonce anasema, baba akishafunga macho hii gari inaenda Kiriba, ni ya mama yetu Dafroza, itabeba dagaa mpaka soko la Mwigobero. Nimemsikia Ryoba anajibu, chukueni mwili wenu, miguu ya mbele ni ya kaka yetu Bernado, inabaki hapa Bunda. Na wewe Alfonce ukasema basi kata tu, siku hizi springi zimejaa madukani. Wanangu, mmekaa kugawana gari kama fisi wanaogawana punda, tena punda mwenyewe bado anapumua, anawasikia!

Ni kweli springi zimejaa. Zamani spea hazikuwepo lakini watu walikuwepo, na siku hizi spea zipo na watu ndio wanaisha. Nyie mlikuwa wadogo, hamkumbuki. Sabuni ilikuwa inaonekana kwa nadra kama mwezi wa mfungo, sukari tulikuwa tunaihadithiana. Wakati wa kuwakamata wahujumu uchumi watu walitupa vitenge ziwani kwa woga, mpaka kule Rukuba sangara wakawa wanavuliwa wamejifunga kanga. Mnacheka? Muulizeni yeyote wa Rukuba.

Ile pikapu ni Chevroleti ya mapadri, aliachiwa babu yenu Wenceslaus, baba yake Dafroza, aliyekuwa dereva wa misheni, na yeye akampa binti yake. Mwanaume gani mwingine Mara hii nzima alipeleka ng'ombe ukweni akarudishiwa gari? Nitajieni mmoja. Basi katika ule ukame wa spea mimi niliitunza kama mama mzazi. Bushi, yale mapira yanayozuia vyuma visigongane, zikiisha nakata ngozi ya ng'ombe, naikunja, nailoweka mafuta, naipachika, gari inatembea huku inanukia mchuzi, mbwa wa kila kijiji wanaifuata. Lakini ngozi siyo chuma. Siku moja kule Kiriba kwenye daraja dogo ekseli ya mbele ikakatika vipande, springi za pasi, zile za mabapa, zikafunguka kama karata. Nikaileta hapa ikivutwa na ng'ombe, nikaipandisha juu ya mawe, na juu ya mawe ikakaa miaka. Kuku wakataga ndani. Mimi, fundi niliyeongea na injini, nikawa nalinda mayai.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, na Bernado akarudi kutoka Mwanza na Toyota Krauni nyeupe.

Ngoja nipumue.

Alfonce, wewe unajua Bernado siku ile alikuwa anaenda wapi, lakini nataka useme moyoni mwako tena. Mama yako Dafroza alikuwa amelala na malaria kali kule Kiriba, akaja mtu na baiskeli kutuambia, na huyu mtoto wa mke mdogo, ambaye mlikuwaga mnamwita mtoto wa udongo mweusi wa Bunda, hakumaliza hata ugali. Alisema, "Baba, mama mkubwa atafika hospitali leo hii." Akaondoka na tonge mkononi. Pale njia panda ya Butiama ng'ombe wakaingia barabarani, akawakwepa, gari ikapinduka mtaroni. Ng'ombe hata mmoja hakuchubuka. Mwanangu alikufa na ugali wangu mkononi.

Dafroza alipona, Bernado akazikwa kule Kiriba kwenye makaburi ya ukoo. Na hapo maneno yakaota. Watu wa huku wakasema Dafroza alimwita mtoto makusudi, alilionea kijicho gari lake. Watu wa Kiriba wakasema Boke amewatukania mama yao. Hawa wanawake wawili, ambao kabla ya hapo walikuwa wanaazimana mpaka mwiko, hawakusalimiana tena. Wakaniletea Krauni hapa, imebondeka kama bati la kuezekea lililopigwa na mvua ya mawe, nikaifunika turubai nyuma ya nyumba. Na kila asubuhi mama yenu Boke alikuwa anachukua ndoo na kitambaa, anafunua turubai, anaiosha. Kila asubuhi. Anaosha mlango uliobondeka, anaosha kiti, anarudi ndani. Mama Bernado, usiinamishe kichwa, hukufanya kosa. Mzazi ataosha nini kingine?

Nikaona, huyu mke wangu atakufa akiosha bati. Nikaingia chini ya ile Krauni, nikatazama. Juu kote kumesagika, lakini miguu ya mbele ilikuwa mizima! Kiunzi chake, mikono yake, springi zake za koili, shokapu, mpaka breki zake za sahani. Nikalia kule chini, mafuta yakaniingia machoni nikasingizia mafuta. Nikasema, kama miguu ya mtoto huyu ni mizima, kwa nini ilale?

Ndugu yangu Kasmiri akaja mbio kutoka Kiriba na fimbo. "Masatu, una wazimu? Chuma kilichoua hakiingizwi kwenye gari ya watu! Kichomwe moto!" Nikamwambia kaka, chuma hakikuua, kilikuwa kinakimbia kwenda kuokoa. Tukabishana mpaka mwishowe akakubali kwa sharti achinje kondoo atakase.

Sasa sikilizeni kazi ilivyofanyika, maana nyie mnaona pale nilipochomelea mnafikiri ni chuma tu. Nilikata ekseli ya zamani kwa msumeno wa mkono, nikaingiza kile kiunzi cha Krauni chini ya chesesi ya Chevroleti. Kazi ni kunyoosha. Ukikosea upana wa kidole gari inatembea ubavu kama mbwa, inakula tairi, inamtupa dereva. Lazima upime mkingamo, kutoka gurudumu la nyuma kushoto mpaka la mbele kulia, na la nyuma kulia mpaka la mbele kushoto, chini ya tumbo la gari, zile nyuzi mbili zipishane katikati na ziwe sawasawa. Kamba yangu ya katani ilikuwa inavutika. Dafroza peke yake ndiye alikuwa na uzi wa nyavu, ule uliolowekwa ukakaushwa hauongezeki hata ukivutwa na kiboko. Nikamwita. Akaja na uzi wake, tukaukata mara mbili, akashika ncha mbili za nyuma, moja kila mkono. Na mtu wa kushika ncha za mbele hakuwepo, nilikuwa nimewatuma wote kisimani kwa makusudi, mimi siyo mjinga. Akabaki Boke.

Nikalala chini katikati, pale nyuzi zinapopishana, juu ya tumbo langu. Dafroza akavuta. Boke akavuta. Nikasikia Dafroza anasema polepole, "Mama Bernado, legeza kidogo." Nikafikiri Boke ataachia uzi uniume pua. Akasema, "Hapo?" Dafroza akasema, "Hapo hapo, dada." Wanangu, nimepewa sifa nyingi na mpaka jua limewahi kuniomba miwani nikiwa nachomelea, lakini kazi ile haikuwa yangu. Waliinyoosha wale wawili. Mimi nilichomelea tu pale waliposhika.

Basi Kasmiri akachinja kondoo wake, akachukua majani ya tumboni, akapaka koili, akapaka mikono, na kwa kuwa alisema kilichomuua kijana ni mwendo, akapaka na sahani za breki, akaminya kabisa mpaka ndani ya pedi. Hakuniambia! Nikawapandisha wanawake wangu wawili mbele, nikawasha, tukateremka kuelekea barabarani. Nakanyaga breki, inateleza kama kambale. Nakanyaga tena, kambale. Tukapita geti, tukapita kwa jirani anaanika mpunga, tukaingia shamba la mihogo, mihogo inaanguka kulia na kushoto kama watu wanaosujudu, Dafroza anaita watakatifu wote mpaka wale ambao Roma haijawasajili, na Boke amemkumbatia Dafroza, ameng'ang'ania shingo yake. Gari ikasimama kwenye kichuguu. Halafu nikasikia mlio, nikafikiri ni kilio. Alikuwa Boke. Alikuwa anacheka. Tangu tumzike Bernado sikuwa nimesikia sauti ile. Akacheka mpaka akalia, Dafroza akamshika kichwa akakiweka kifuani, na wakalia wote pale ndani ya mihogo, na mimi nikashuka nikajifanya natazama tairi.

Kesho yake ile Krauni hakuiosha tena.

Maji. Kidogo tu, Mama Bernado. Asante.

Sasa mnataka mkate pale. Pale pale waliposhika.

Wosia wangu ndio huu, msinikatize, pumzi siyo nyingi. Nyumba hii ya Bunda na shamba la pamba ni la mama yenu Boke mpaka atakaponifuata. Shamba la Kiriba, mtumbwi na nyavu, ni vya nyumba ya Dafroza, Mungu amlaze pema. Ng'ombe mtagawana mbele ya Kasmiri, na Kasmiri mpeni dume moja, mwambieni ni la ile mihogo, atajua. Ugomvi wangu na yeye umeisha, wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nami nimeshalima. Boksi la spana ni la Gati. Msinung'unike, ndiye pekee kati yenu anayesikiliza gari kabla ya kuipiga nyundo.

Pikapu. Alfonce, wewe nimekurithisha miguu. Ndiyo, miguu, usishtuke. Bernado alikufa akimkimbilia mama yako, kwa hiyo miguu yake ni mzigo wako. Ryoba, wewe nimekurithisha mwili, gari la Dafroza, aliyemshika mama yako kifuani siku ile. Ukitaka kuondoa miguu, Ryoba, kamwombe Alfonce, ni yake. Ukitaka kuondoa mwili, Alfonce, mwombe Ryoba. Na atakayekata bila kuomba, nisije nikasikia... laana sitaitamka, mdomo wangu haujazoea. Ibebe dagaa, ibebe pamba. Dagaa na pamba havigombani, nyie ndio mnagombana.

Uzi wa Dafroza upo chini ya kiti cha dereva, umeviringishwa. Jeneza langu mlifunge kwa uzi ule. Nyumba ya Kiriba washike ncha hii, nyumba ya Bunda ncha ile. Mnipeleke Kiriba nikalale kati ya Dafroza na Bernado. Gati aendeshe. Mama Bernado akae mbele. Pale njia panda ya Butiama mpunguze mwendo, na kama ng'ombe wapo, wasubirini wapite wote.

Kingine. Ile bushi ya kulia inagonga. Alfonce uliniletea mpya, nikakataa, wakanicheka Bunda nzima, fundi gani huyu gari yake inagonga. Mimi naweza kuinyamazisha kwa mkono mmoja nimelala. Lakini mnakumbuka Bernado akifika getini, alikuwaga anapiga viatu kwenye nguzo kutoa udongo? Ko, ko. Gari ikivuka mtaro wa getini inasema hivyo hivyo. Mama yenu akiwa jikoni akisikia anainua kichwa. Anajua ni gari. Anainua tu. Msiibadilishe hiyo bushi... mpaka yeye awaambie.

Nendeni sasa. Ryoba, Alfonce, nendeni mkarudishe gurudumu. Wote wawili. Mmoja ashike, mmoja akaze. Gati, ukawashe, uizungushe kwa jirani, urudi nayo.

Mama Bernado, baki.

Wamekwenda? Nasikia spana. Nani anakaza... Ryoba. Anakaza kwa hasira. Sasa taratibu. Ehe. Hivyo.

Mungu awape wanangu barabara isiyo na vumbi. Awape ugali wa kumaliza. Wazae, wawapigie watoto wao honi... Nyumba mbili, moshi mmoja. Na wewe, Boke, umeosha ya kutosha. Pumzika.

Imewaka. Unasikia? Silinda zote. Nani mwingine Mara hii... Acha.

Inapita kwa jirani. Inarudi.

Kichwa changu... kiinue kidogo. Sikiliza.

Ko, ko.

Mfungulie.