Kamongo wa Gaspari

Kwenye gari la abiria aina ya Noah la kwenda Ihanda, mfyatua tofali aitwaye Gaspari alipakata beseni lenye bonge la udongo mkavu.

“Humu amelala kamongo, mama,” alimwambia Kokwijuka, jirani yake kitini. “Bonde lilipokauka, miezi mitatu iliyopita, akajizika. Anavuta hewa kwa kitundu hiki. Mke wangu amejifungua; mchuzi wa samaki huyu utamletea maziwa.”

“Samaki akae miezi mitatu bila maji? Mwanangu, unampelekea mzazi mzoga.”

Ili kumuumbua, Kokwijuka akamimina chupa yake yote ya maji juu ya bonge. Hata walipokaribia Ihanda, udongo ulikuwa umelainika. Kichwa kikachomoza, kikavuta pumzi kwa sauti, kama kichanga.

“Usimchinje,” Kokwijuka alinong’ona.

“Na maziwa, mama?”

Gari likasimama. Gaspari akashuka na beseni lake; Kokwijuka alibaki kitini ameshika chupa tupu.