Damu ya Dana

Bwana asifiwe, wapendwa. Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusimama mbele yenu asubuhi hii. Shikamooni wazee wangu, na poleni ninyi mliotoka Kwihara kwa miguu.

Mimi naitwa Kabula. Wengi mnanijua kama mwalimu wa michezo, yule anayefundisha watoto tenisi kwenye uwanja wa udongo nyuma ya shule. Wengine mnanijua kama mke wa Shija ambaye hajajaliwa mtoto. Yote mawili ni kweli.

Ndugu zangu, ndoa yetu ilianza kwa kusubiri. Mimba zilikuja, zikatoka. Mama mkwe wangu anaishi Ziba, kule Igunga, na kila nilipokwenda kumsalimu, majirani zake waliniangalia tumbo kwanza, ndipo wakaniangalia usoni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniuliza neno. Hilo liliniumiza kuliko maswali, kwa sababu nilidhani ameshanikatia tamaa. Ikafika mahali nikaogopa kwenda Ziba. Nikaogopa hata kuomba, maana nilikuwa na ombi moja tu, na nilichoka kulisikia likitoka kinywani mwangu.

Kilichonipa nguvu kipindi hicho ni tenisi. Nilikuwa nikienda kucheza mashindano madogo ya Nairobi, na huko nikakutana na wasichana wawili Wamarekani, Dana na Kirsten. Msidhani ni wale matajiri mnaowaona kwenye televisheni. Hawa walikuwa bado wanapanda. Katika tenisi kuna orodha ya wachezaji wa dunia nzima, na ukishinda mechi unapata pointi, ukipata pointi unasogea juu. Walio chini huzunguka nchi hadi nchi, wanalala vyumba vya bei ndogo, wanafua jezi zao wenyewe, wakitafuta pointi hizo chache. Dana alikuwa mtoto wa wakulima wa mahindi. Aliniambia kwamba akifanya vizuri mashindano ya Kigali, atafika mahali pa kuruhusiwa kucheza mchujo wa mashindano makubwa ya nchini kwao. Hilo alilitamani tangu utotoni.

Kati ya Nairobi na Kigali walikuwa na siku za kupumzika, nikawakaribisha nyumbani kwetu Cheyo, hapa Tabora. Wakakubali. Asubuhi walikimbia hadi Kwihara na kurudi, kwenye ile njia ya zamani ya misafara, halafu tulicheza kwenye uwanja wetu mpaka jua likawa kali. Kirsten alikuwa mcheshi, mpenda watu. Dana alikuwa mkimya. Jioni alikaa jikoni na mimi akitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na akaniuliza mambo mengi. Nikajikuta namweleza habari za mimba zangu. Hakunipa ushauri. Alisikiliza tu.

Ikapangwa niende nao Kigali, nicheze na Dana mechi za wawili wawili. Tukakodi gari. Siku hizo nilikuwa nimechelewa kuona siku zangu, nikawa na tumaini ambalo sikumwambia mtu, hata Shija.

Tulikuwa hatujafika mbali kutoka mjini, njia ya Nzega, maumivu yakanishika upande mmoja wa tumbo. Niliona kama nimechomwa. Nikajaribu kukaa vizuri, nikashindwa. Nakumbuka jasho la baridi, nakumbuka Kirsten akinipepea kwa kofia, na Dana akimwambia dereva kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza, "Rudi. Rudi Tabora." Dereva akageuza gari. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Yanayofuata nasimulia kama nilivyosimuliwa na mume wangu.

Hospitalini daktari alimwambia Shija kwamba mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, mrija umepasuka, na natoka damu ndani kwa ndani. Walitakiwa kunipasua mara moja. Damu yangu ikapimwa, ikaonekana ni ya kundi ambalo watu wengi hapa kwetu hawana, na siku hiyo haikuwepo kwenye akiba. Shija akapimwa, haikulingana. Walimu wenzangu wakaja mbio, wakapimwa, haikulingana. Shija anasema alitoka nje akasimama karibu na bomba la maji, akashindwa hata kufungua kinywa kuomba.

Dana alikuwa haelewi kinachosemwa. Akamshika mkono muuguzi, akamwomba amweleze kwa Kiingereza. Muuguzi alipotaja lile kundi, Dana alikunja mkono wa shati palepale.

Muuguzi alikuwa mtu mwaminifu. Alimwona na mavazi yake ya michezo, akamwambia wazi kwamba akitoa damu asifanye mazoezi mazito kwa siku kadhaa. Kirsten alilia. Alijua maana yake ni nini. Mashindano yalikuwa yanaanza, na nafasi ile isingemsubiri mtu. Dana akamnyoshea muuguzi mkono, akasema, "Nimeelewa. Chukua."

Wakampima, ikalingana. Wakachukua. Ndugu zangu, mimi ninayesimama hapa, damu ya binti wa wakulima wa Marekani ndiyo iliyonivusha mpaka watu wengine wa kunitolea damu wakapatikana.

Nilipozinduka nilimwona Shija, na nyuma yake Dana amekaa kwenye kiti cha plastiki, amesinzia. Nikaelewa mimba haipo. Nikalia. Na nilipojua siku ilivyokwenda, nikalia tena kwa ajili ya Dana. Kirsten alikuwa ameshaondoka kwenda Kigali, na simlaumu. Huko alishinda mechi zake, akapanda kwenye orodha. Nilifurahi kwa ajili yake.

Nilimuuliza Dana kwa nini ameacha kitu alichokitafuta miaka yote. Akasema, "Mashindano yatakuja mengine. Wewe ulikuwa unaondoka."

Dana hakuwa mtu wa kusali sana, na sitamsemea asiyoyasema. Mimi nasema ninachoamini: Mungu alimleta nyumbani kwangu kabla sijajua nitamhitaji.

Wako waliosema nimejitakia kwa kurukaruka uwanjani. Daktari alinieleza kwamba tenisi haikuhusika hata kidogo. Nawaambia hili ili asiwepo dada wa kubebeshwa mzigo kama huo.

Kisha mama mkwe akaja hospitalini kutoka Ziba. Niliposikia sauti yake mlangoni niligeukia ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa kupoteza mjukuu mwingine. Nikaanza kusema, "Mama, nisamehe, mimba..." Akanikatiza. Akakaa kitandani, akaweka mkono wake kwenye mguu wangu.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kukuona wewe. Sikuja kuona mimba."

Ndugu zangu, pale ndipo nilipofunguliwa. Damu iliponya mwili. Neno lile lilitoa hofu niliyoishi nayo miaka yote. Kumbe ukimya wake haukuwa wa kunikatia tamaa. Aliniambia alikuwa hataki kuniongezea uchungu. Siku hizi nakwenda Ziba bila woga, tunapalilia pamoja, tunacheka.

Dana alishuka kwenye orodha baada ya kukosa Kigali. Ilimchukua muda mrefu kurudi pale alipokuwa. Hatimaye alifika kwenye ule mchujo alioutamani. Alishindwa mechi ya kwanza, akanipigia simu akiwa bado na jasho, akicheka, akasema uwanja ulikuwa mzuri kuliko alivyowaza. Bado anapanda. Mwombeeni.

Wapendwa, mmezoea kuona mtu akisimama hapa kushuhudia akiwa amebeba mtoto wake. Mimi mikono yangu ni mitupu. Ombi langu lile bado liko kwa Bwana, na sasa naliomba bila hofu. Lakini sikutaka kungoja mpaka lijibiwe ndipo nimshukuru. Nimekuja kumshukuru kwa sababu niko hai, na napendwa.

Kama yupo hapa dada au kaka aliyeacha kuomba kwa kuchoka, asione haya. Nami nilichoka. Mungu hakuchoka nami. Baada ya ibada nitakuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, na Shija atasogea akupishe nafasi. Njoo ukae. Si lazima useme kitu.