Ng'ombe Walimfuata Mbwa

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe sana! Mmeitika kwa furaha, ndugu zangu, nami nawashukuru, lakini ngojeni kwanza. Mwalimu wa kanisa amenisimamisha hapa akisema, "Mama Frola atatushuhudia jinsi Bwana alivyomwokoa na ng'ombe wa kutumwa." Ng'ombe wa kutumwa! Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi, nikasikia damu inachemka. Leo ni Jumapili. Alhamisi mganga anakuja kumnyoa nywele Bibi Kandida mbele ya watu wote, eti kumtoa uchawi, amnyweshe madawa yake, kisha afukuzwe kijijini, eti alituma ng'ombe waniue. Sasa mimi niliyekanyagwa na hao ng'ombe ndiye nitakayesema, na ninyi mtanisikiliza mpaka mwisho.

Mnakumbuka kichaa cha mbwa kilivyotuingilia mwezi uliopita. Bwana mifugo akatangaza kwamba kila mbwa apelekwe ofisi ya kata akachomwe sindano, na kila mbwa afungwe kamba. Atakayeonekana bila kamba ni risasi. Jamani, nani hapa amewahi kumfunga mbwa kamba? Mbwa wetu wanalala jikoni, wanakimbiza ngedere kwenye mihogo, wanakwenda wanakotaka. Mimi mbwa wangu ni Yataisha, mnamjua, yule mwekundu. Mume wangu alikuwa ziwani kuvua dagaa wa usipa, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nikamfunga Yataisha kamba ya katani shingoni, naye akaanza kuruka na kuvuta kama amepagawa. Nilipoona ananishinda, ile kamba nikaizungusha kwenye mkono wangu mara tatu na kupiga fundo. Nikajiona mjanja! Nikambeba Frola mgongoni, nikashika njia.

Na njia yenyewe ni ipi? Ni ile inayokata uwanda. Uwanda ule ulikuwa shamba la kijiji, tumelima pale sote, na ng'ombe walikuwa wa kijiji. Likaja soko huria, mradi wa kijiji ukafa, ng'ombe wakauzwa kwa tajiri mmoja wa kahawa kutoka juu Mbinga, na uwanda akapewa yeye. Sina wivu na mali ya mtu. Lakini enzi zile kulikuwa na wachungaji wawili, na ng'ombe wakizaa walituzuia tusipite. "Mama, zunguka huku!" Tulizunguka. Huyu bwana aliwaondoa wachungaji wote wawili, akaacha ng'ombe wenye ndama wachanga katikati ya njia ya watu, bila hata kijiti cha kuonyesha hatari. Kwake ilitosha kuwa na seng'enge upande wa mto, ng'ombe wasimpotee. Sisi tupotee, haidhuru!

Ndugu zangu, nilifika katikati ya uwanda nikamwona ng'ombe mmoja mweusi ameinua kichwa. Ndama wake alikuwa amelala kwenye nyasi kulia kwangu, wala sikumwona mpaka Yataisha alipombwekea. Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wote ambao mtu anaweza kuufanya. Nilipiga kelele. Nikaokota jiwe nikarusha. Nikamvuta mbwa kwangu, naye akajificha nyuma ya miguu yangu, akazunguka, kamba ikanifunga miguu. Nikajaribu kukimbia, nikaanguka kifudifudi na mtoto mgongoni. Yule ng'ombe akaja, na wa pili nyuma yake. Nilimwita Yesu kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Bibi Kandida alikuwa anapalilia mihogo yake ukingoni mwa uwanda. Akapaza sauti, "Achia mbwa! Mama Frola, achia mbwa!" Na mimi, Mungu anisamehe, niliwaza nini? Niliwaza bunduki ya bwana mifugo. Niliwaza mume wangu atakavyosema akikuta mbwa hayupo. Nikaishika kamba kwa nguvu zaidi! Hata baadaye nilipotaka kuiachia sikuweza, kwa sababu ya lile fundo langu la ujanja. Ng'ombe alinipiga pembe ubavuni, akanikanyaga mkono huu. Mfupa nikausikia unavunjika. Frola alikuwa analia, halafu akanyamaza, na ule ukimya wake uliniumiza kuliko mkono.

Bibi yule, na umri wake ule, akaja na panga la kupalilia. Hakukimbia. Alikuja kwa ubavu, amewatazama ng'ombe usoni, anawasemesha kwa sauti ya chini. Akaikata kamba kwa pigo moja. Yataisha akachomoka kama mshale, na ng'ombe wote wawili wakageuka kumfuata yeye! Mbwa ana miguu minne, ndugu zangu. Alipita chini ya seng'enge, ng'ombe wakabaki wanakoroma. Mimi nimelala pale, hakuna aliyenitazama tena.

"Mtoto anapumua," akaniambia. "Usikimbie. Usiwape mgongo. Twende polepole, tupitie pembeni." Akambeba Frola. Ndivyo tulivyotoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Watu waliokuwa barabarani waliona kwa mbali kikongwe ananyanyua panga, ananong'ona, na ng'ombe wanageuka. Mpaka jua linazama, kijiji kizima kilikuwa kinasema, "Ng'ombe wanamtii, basi ni yeye aliyewatuma." Ebo! Ng'ombe hawakumtii Bibi Kandida. Ng'ombe walimfuata mbwa! Tangu mwanzo walimtaka mbwa. Kwa ng'ombe aliyezaa, mbwa na fisi ni ndugu. Mimi ndiye niliyejifunga kwa adui wao, tena kwa fundo. Bibi anayajua haya kwa sababu alikulia kwenye zizi la baba yake huko Tingi. Huo ndio uchawi wake: kukulia zizini!

Na mimi je? Nilikaa ndani wiki tatu mkono umefungwa vibao. Mlikuja kunipa pole, mkaketi kwenye mkeka wangu, mkasema, "Yule bibi amekuweza." Nikanyamaza. Kuna siku nilitikisa kichwa kukubali! Ilikuwa rahisi kuonewa huruma kama mtu aliyerogwa kuliko kuchekwa kama mtu aliyejifunga kamba mwenyewe. Shukrani ya punda ni mateke, na punda ni mimi. Bwana aliniokoa na pembe kwa dakika chache tu, lakini kuniokoa na huo uongo kumemchukua wiki tatu, na usingizi nilikuwa siupati.

Lakini hasira yangu haiishii kwangu. Nilipopata habari kwamba yule tajiri ametoa mbuzi kwa ajili ya huyo mganga, nilicheka mpaka ubavu ukaniuma. Ametoa mbuzi! Ndiyo, atatoa hata wawili. Tukimnyoa Bibi Kandida, nani atamuuliza yeye habari za wachungaji? Nani atamwambia aweke ng'ombe wenye ndama mbali na njia? Kesho mtoto wa mtu mwingine atapita pale na mbwa, na ninyi mtatafuta bibi mwingine wa kumnyoa. Na wengine wenu mliomo humu mmekubali kwenda kumla mbuzi huyo, halafu mnakuja kuimba hapa mbele za Bwana. Msiiname, nawaona.

Wazazi, wafundisheni watoto hivi. Ukiona ng'ombe na ndama, zunguka, hata kama ni mbali. Usipite kati ya mama na mtoto. Ukiwa na mbwa, mshike kwa mkono mwepesi, na ng'ombe akikujia, mwachie mbwa aende. Bunduki itajibiwa baadaye. Na ukimwona mtu amezidiwa, usisimame barabarani ukitunga hadithi.

Namshukuru Mungu aliyenipa uhai, mimi na Frola wangu. Namshukuru kwa mkono wa Bibi Kandida, kwa sababu Mungu hakushuka mwenyewe na panga, alimtuma yeye. Ndugu zangu, mwaminini Bwana! Mnasema Yesu ameshinda nguvu zote za giza, halafu mnamwogopa mjane mwenye shamba la mihogo?

Bibi Kandida hayumo humu leo. Jumapili iliyopita alikuja, akaketi, na wote mliokuwa kwenye benchi lake mkahama mmoja mmoja. Yuko nyumbani kwake, amefunga mlango, anahesabu siku hadi Alhamisi. Mimi Alhamisi nitakuwa kizingitini pake, na huo wembe utaanza na kichwa changu. Lakini kwa nini tungoje Alhamisi? Mwalimu, samahani, sala ya kufunga ibada tutakwenda kuisali kwake. Natangulia kumwomba radhi kwa kinywa hiki hiki kilichonyamaza. Anayemwamini Bwana asimame, twende.