Baraka ya Candida: Maisha ya Fundi Leodegar Kavishe

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Kabla jeneza halijapandishwa kwenye gari kuelekea Rombo, familia imenituma mimi Tarsis, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa wananijua mdomo wangu hauna breki, wameniomba nisome tu, nisihutubie, nami nitajitahidi.

Marehemu Leodegar Kavishe alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1926 katika kijiji cha Mengwe, Rombo, mkoani Kilimanjaro, siku ya mtakatifu msimamizi wake, ndiyo maana akapewa jina ambalo hapa Kariakoo lilikuwa likiwashinda watu kulitamka, wakaishia kumwita Fundi Leo. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1936 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1939, kisha akabaki palepale misheni akijifunza ushonaji kwa bruda mmoja mkali, aliyekuwa akifumua kazi nzima kwa mshono mmoja uliopinda, na ukali ule marehemu aliurithi wote, waulizeni waliowahi kumharakisha siku ya mkesha wa Krismasi.

Mwezi Juni 1949 alifika Dar es Salaam, akapewa nafasi ya cherehani kwenye baraza ya nyumba ya Mzee Mwinyimvua, hapa Mtaa wa Narung'ombe, na baraza hiyo hakuihama mpaka ugonjwa ulipomhamisha. Ameshona sare za shule za watoto ambao leo ni wakubwa maofisini, ameshona kanzu za Idi na magauni ya komunyo, na miaka hii ya foleni, kitambaa kilipoadimika, akawa anageuza kola zilizochakaa, upande wa ndani unakuwa nje, na mtu anarudi kazini Posta akiwa nadhifu, hakuna anayejua.

Tarehe 16 Januari 1954 alifunga ndoa takatifu na Mektilda, huyu shemeji yetu mnayemwona hapa, wakajaliwa watoto watatu, Kasmir aliyezaliwa mwaka 1956, Severa mwaka 1959, na kitinda mimba wao Candida mwaka 1962, ambaye ni mwalimu. Sasa, kwa faida ya majirani wasioijua mila yetu, kwetu mtoto anapokwenda kuoa au kuolewa hupiga magoti mbele ya baba yake, baba akanywa funda la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, akamtemea mate mepesi kwenye paji la uso, na hayo mate si matusi, ndiyo baraka yenyewe, asiyetemewa huhesabiwa kuwa ametoka nyumbani mikono mitupu. Kasmir alitemewa mwaka 1979, Severa mwaka 1980, wote kwa mate tele.

Mwanzoni mwa mwaka 1981 marehemu alianza kukwaruza sauti, tukamtania kwamba amezidi kugombeza wateja, kumbe kuna uvimbe, na mwezi Mei madaktari wakasema ni saratani, imekaa nyuma ya ulimi na kushuka shingoni, pabaya kwa kisu. Akapigwa mionzi kwa wiki sita, akichorwa alama za wino shingoni ambazo alikatazwa kuziosha, na ukimjua Leodegar na usafi wake, ile peke yake ilikuwa adhabu. Uvimbe ukayeyuka, tukamshukuru Mungu, lakini mionzi ikaondoka na sehemu kubwa ya mate yake, ugali ukawa haushuki bila mchuzi mwingi, na uzi ulipogoma kuingia kwenye tundu la sindano alikuwa akimnyooshea Mektilda aulowanishe yeye kwa ulimi, mama wa watu anaacha kuchambua mchele, analamba uzi, anarudisha, wala hawasemeshani.

Miaka miwili na zaidi ikapita hivyo, kisha Januari 1984 uvimbe ukarudi palepale. Daktari alimweka kitako, akamweleza bila kumficha kwamba mwili una kiasi chake cha mionzi, na shingo yake ilikwishapokea sehemu kubwa, kurudia kunawezekana lakini nyama inaweza kuchimbika na kumeza kukawa taabu, ila akiacha, hana miezi mingi. Wengine tungeuliza habari za maumivu, yeye akauliza habari za mate, na alipoambiwa kwamba hata hayo machache yaliyobaki yatakauka, akamwomba daktari amsubirishe kidogo, kwa sababu Candida alikuwa ameshachumbiwa na hajabarikiwa. Daktari alimsihi asichelewe, Leodegar akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani, akakaa.

Angeweza kumbariki binti siku ileile, ila hapo ndipo sisi wazee wa Rombo tunaoishi mjini tulipokutana na kuamua kwa hekima yetu kwamba baraka haitolewi kavukavu, bila mbege ya upande wa bwana harusi, kwamba baba anayembariki binti kabla ya siku yake anajiitia kifo. Ulezi wa mbege ukaagizwa Moshi, ukazuiwa njiani kwenye kizuizi kwa kukosa kibali cha kusafirisha nafaka, nasi tukawa tunangoja gunia huku shingo ya mtu inavimba mbele ya macho yetu, jamani, watu wazima na mvi zetu!

Aliyetutoa katika ujinga huo ni Candida mwenyewe, aliyekuja kutoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa Machi, akamkuta baba yake amefunga skafu shingoni kwenye joto la Dar es Salaam, akaifungua, akatazama, akasema, "Baba, baraka yangu ni wewe uwepo, kesho tunakwenda hospitali." Marehemu alikataa, akanuna, akasema binti hajui alisemalo, lakini asubuhi alivaa shati lake jeupe akafuatana naye. Mionzi ya mara ya pili ilianza tarehe 12 Machi 1984, ikamchubua mdomo mzima, na ilipokwisha uvimbe ulikuwa umesinyaa, ila kinywa kilikuwa kimekauka kabisa.

Candida aliolewa Jumamosi tarehe 5 Mei 1984. Mbege ilikuwepo, gunia likiwa limefika hatimaye, lakini funda moja liliunguza vidonda vya kinywa likamtoka lote chini, na binti alipopiga magoti, baba alijaribu mara tatu, ikatoka pumzi tupu, na wengi wetu tuliinamisha vichwa kwa kushindwa kumtazama. Candida alisema amepokea, akasimama, akambusu mkono. Lakini ndimi zetu hazikusimama, na mwezi Novemba mimba yake ya kwanza ilipotoka, wakapatikana watu wa kusema lisemwalo lipo, binti yule alitolewa nyumbani kavu, na maneno hayo yakafika barazani mpaka kwenye masikio ya marehemu. Tangu siku hiyo hakulalamikia shingo tena, akawa analalamikia hilo tu, kwamba amemnyima mwanawe baraka, na ndilo lililomliza, mtu ambaye hakulia kwa mionzi.

Baada ya Krismasi hali yake ilibadilika, akalazwa, na maji yakawa hayapiti ila kwa kijiko, tone kwa tone, ilhali kiu ilimtesa kuliko maumivu. Jumapili tarehe 17 Februari, Candida alimtilia kinywani kijiko cha maji, marehemu hakuyameza, akayashika mdomoni, akamwashiria asogee, tena, mpaka uso wake ukafika karibu, akayapuliza yote kwenye paji lake la uso. Muuguzi alidhani amepaliwa, akamgeuza ubavu, na Bi Kijakazi, mke wa Mzee Mwinyimvua, ambaye mila zetu hazimhusu, akatoa kanga amfute binti wa watu uso, Candida akamshika mkono, akasema, "Hapana, mama, niache hivihivi." Bi Kijakazi yupo hapa, si Mchaga wala hatafuti kitu kwetu, amesema mwenye shaka amfuate akamuulize.

Kwa hiyo, wazee wenzangu, tulioamua kwa mbege, leo tuamue kwa hili, mtu aliyekuwa akifa kwa kiu alipewa maji akamwachia mwanawe, na asiyeiita hiyo baraka, basi asitie udongo kaburini kwa kaka yangu.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 20 Februari 1985, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa mionzi, ambao mara zote mbili walimweleza ukweli na hawakumchoka, Mzee Mwinyimvua na Bi Kijakazi, waliompa baraza wakatupa na undugu, mafundi wenzake wa Narung'ombe, walioshona kitambaa cha jeneza bila kutaka shukrani, wafanyabiashara wa sokoni waliotutafutia dizeli ya kufika Rombo katika ukame huu wa mafuta, na Baba Paroko kwa sala zake.

Kaka Leodegar, umetupa hata ulichokihitaji wewe, pumzika kwa amani, kiu imekwisha.