Abdulswamad Si Acting Tena

Mwanangu amethibitishwa! Mwenyekiti wa bodi ameniambia kwa kinywa chake, sikutumiwa salamu. Haya, sasa asalaam aleikum, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia, na vijana wote shikamoo zenu nimezipokea.

Wasomaji wa jarida hili mmezoea wasifu wa mstaafu ulioandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii anaandika mama mzazi, Mwanaasha wa Mafiga, niliyeishia darasa la nne lakini mwandiko wangu walimu waliusifu. Glory, katibu muhtasi wa ofisi, ndiye aliyenipa kazi hii, maana Abdulswamad akiulizwa habari zake hujibu habari za mabomba.

Abdulswamad Mansuri anastaafu tarehe 30 Aprili 2026, baada ya kuutumikia Mradi wa Maji Lukwele kwa miaka thelathini na sita. Alianza kama kibarua wa kuchimba mitaro. Akawa mlinzi wa banio kule juu Uluguru, pale maji ya mto yanapoingizwa kwenye bomba. Akawa fundi, tena fundi kwelikweli, akiweka sikio kwenye bomba anakuonyesha pa kuchimba. Masika yakishusha tope na majani, banio likaziba, anayepanda mlima ni yeye. Hata siku ya harusi yake na Mwanvita, ubwabwa umeshapakuliwa, maji yakakatika mtaa mzima, na bwana harusi haonekani. Alirudi jioni kanzu imekuwa rangi ya ugoro. Wakwe walinuna, lakini mikono walinawa kwa maji yake.

Miaka kumi na mmoja iliyopita mkuu wake, Benedikto, alikwenda masomoni, na mwanangu akapewa kiti cha Mkuu wa Ufundi. Mlangoni wakabandika kibao: Acting Head of Works. Nilikwenda kukiona kwa macho yangu. Hilo la Head nililijua, ni kichwa, na kila ofisi ina kichwa chake. Lakini Acting! Nikaona limetangulizwa mbele ya yote, kama Profesa, kama Jenerali, kama Alhaji. Linalotangulia ndilo kubwa. Nani angewaza vingine?

Nikalitangaza. Majirani waliokuwa wakiniita Mama Swamadu wakaniita Mama Acting, nami nikaitika. Kwenye maharusi nilimwelekeza mshereheshaji alitamke vizuri, asiliparue. Jirani yangu Felista, mwanawe Frank alipofanywa meneja kwenye kiwanda kimoja, alikuja kwangu na keki. Nikaila, kisha nikamfariji: "Usihuzunike, mdogo wangu. Frank bado kijana. Mwombee, naye siku moja atafikia Acting."

Felista akaitikia, "Amina, dada," na Jumapili ile akapeleka nia ya misa parokiani.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita Glory alikuja nyumbani kuchukua habari za utoto wa mstaafu. Nikamwambia aandike Acting kwa herufi kubwa. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, shikamoo."

"Si umeshaniamkia?"

"Ndiyo, Bibi. Ila hilo neno... tungeliacha tu."

"Tuliache, kwani tumeliiba?"

Ndipo akaniambia. Acting ni kaimu.

Kaimu! Kaimu namjua mimi, kila siku redio inamtaja. Ni mtu anayewekwa kwenye kiti cha mwingine mpaka mwenyewe arudi au apatikane. Glory akanieleza kwa upole jinsi neno linavyotumika: mkubwa akiwa likizo, akiugua, akihamishwa, anawekwa mtu wa kushikilia, wiki kadhaa, miezi kadhaa, halafu neno linaondolewa. Ni neno la kupita. Likikaa miaka yote hii juu ya mtu mmoja, akasema, hapo limetumiwa vibaya. Chai ilinimwagikia kangani na sikusikia moto. Nikauliza, na Benedikto je? Benedikto yuko Dodoma, ameajiriwa kwingine tangu zamani, hata wajukuu anao. Mwanangu alikuwa anamlindia kiti mtu asiyekitaka!

Abdulswamad aliporudi kutoka kazini nilikuwa namsubiri mlangoni.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi. Ningekunyang'anya?"

Akaingia ndani kunawa. Mimi nikabaki nimeshika fremu ya mlango. Mtoto niliyemzaa mimi, aliyewanywesha maji hawa wote, atoke pale kama mpangaji aliyemaliza muda? Hapana. Nikasema hastaafu kwenye kiti cha mtu. Kiwe chake kwanza, ndipo aondoke.

Nikamwambia Felista, nikijua atanicheka mpaka Idi. Akajipiga paja. "Yaani nimemsumbua padri bure! Nimemwombea mwanangu ashushwe!" Tukatazamana, hatujui tucheke au tulie. Kisha akasema, "Vaa viatu, dada. Twende huko huko."

Tulimkuta meneja Erick ofisini Kihonda. Akatuagizia soda, akatuambia ni utaratibu tu, suala la Abdulswamad hupelekwa kila kikao cha bodi ila muda huisha kabla halijafikiwa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, maji tunayokunywa Mafiga ni kaimu?"

"Hapana, Bibi."

"Bomba kubwa lilipopasuka siku ya Idi, alilifunga kwa kukaimu? Alipoacha pilau yake akaenda, ilikuwa pilau ya Benedikto?"

Felista akadakia, "Na hii soda, inamkaimu nani?"

Erick alicheka, halafu akaacha kucheka. Si kijana mbaya. Aliyakuta mambo yamelala hivyo, naye akayaacha yalale. Siku ile aliinua simu mbele yetu, na bodi ikakaa, na safari hii wakaanza na jina la mwanangu.

Mwenyekiti alipotuita ofisini mimi na mwanangu, akanipa habari, nilipiga vigelegele hadi mlinzi wa getini akaja mbio. Kisha akamalizia maneno yake. Cheo hakirudishwi nyuma kuhesabu miaka iliyopita, na taratibu zote zitakamilika tarehe 30 Aprili. Yaani siku ileile ya kustaafu. Asubuhi atakuwa Mkuu wa Ufundi kamili, na jioni atakuwa mstaafu. Siku moja! Nikasema kibebeni cheo chenu, hatukitaki, tumezoea kukaa bila hicho.

Abdulswamad akanishika mkono. "Mama," akasema, "niache nikikalie hiyo siku moja."

Sijamsikia akiomba kitu kwa sauti ile tangu yuko mdogo. Kumbe naye alikuwa anakitaka, miaka yote, na mimi mama yake sikujua. Nikamwambia mwenyekiti tumekubali.

Glory, ahsante kwa kunifundisha neno bila kunicheka. Erick, ahsante kwa simu ile, na usimwache mwingine akashikilia kiti hadi mvi zikamwota. Mafundi mnaobaki, banio ni lenu sasa. Na wewe mwanangu Abdulswamad, Mola akupe afya na umri, masika yanyeshe nawe uko kitandani, maji yakikatika waitwe wengine. Mwanvita ale na mumewe mpaka sahani ziishe.

Ninyi wengine nawaambia mapema. Wengi mmezoea kuja jioni, wakati wa zawadi na muziki. Mkija jioni mtamkuta mstaafu tu. Anayetaka kumwona mwanangu kwenye kiti chake aje asubuhi, abishe hodi, amwite Mkuu, asiongeze neno lingine mbele. Alhamisi, tarehe 30 Aprili.