Vikombe vya Bakili

Weka mkono kifuani, useme hutamwambia mtu. Haya. Nami niliapishwa vivyo hivyo, na kiapo kimenikaa tumboni kama kiporo, heri nikitoe: aliyekwenda polisi kumchongea Sitara, mpika pombe ya moshi, ni Celina, yule Mchaga muuza mihogo ya kukaanga. Enzi hizo za Mwingereza, kijiwe kilikuwa barazani pa duka la Natvarlal, Mchafukoge, Dar, ukuta mmoja na ua wa Sitara. Celina alikaangia mihogo ubavuni mwa benchi, na Bakili muuza kahawa, mtu wa kanzu nyeupe kila siku, aliteremsha mdila, birika lake la kahawa, hapohapo. Mume wa Celina, Isidori, kuli wa bandarini, alikuwa ameunywa moshi huo hadi macho yakaanza kuona ukungu mchana kweupe. Askari walikuwa wameshavamia ua ule mara nyingi, wakamkuta Sitara anasuka ukili, mpole kama maji ya mtungini. Safari hii mkubwa wao akamwambia Celina: "Naleta askari kanzu alasiri. Wakikosa, usirudi hapa." Alasiri ni wakati Isidori yuko zamu, hivyo Celina alikubali. Alasiri ilipofika akawa anageuza mihogo, macho njiani.

— Pipa zima, — alisema Filbert, aliyeitwa Redio kwa sababu habari za Posta zilimfikia kabla hazijatokea. — Pipa, madebe, bomba la shaba. Askari wakiingia, hakuna kitu. Ni akili ya binadamu hiyo?

— Dawa yake kifungo, — alisema Melkiori. Kijiweni ni Hakimu, ingawa mahakamani hajafika hata kwa kesi ya kuku. — Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo apigwe miaka yote kwa mpigo.

— Umfunge nani, Hakimu, na hujamshika?

— Nafunga kwanza, nashika baadaye.

Natvarlal alicheka hadi miwani ikamteremka puani.

— Mimi nasema serikali ifungue duka la moshi. Mtu apange foleni, aandikwe jina, aulizwe baba yake nani. Mwenyewe ataona haya, atarudi nyumbani kunywa chai.

— Na wenye macho mabovu? — Celina aliuliza, asigeuke.

Wote walijua anamsema nani. Bakili ndiye aliyembeba Isidori mgongoni siku aliyoangukia mtaroni, akamlaza kwake na kumwosha miguu, na Celina hakuwa amelisahau hilo.

— Pole, shemeji, — alisema Bakili kwa upole. — Mimi naona kosa linazuiwa kwa kuambiana mapema. Askari wangekuja wanapiga filimbi toka mbali, nani angekutwa na kosa?

— Hilo nalo neno, — alisema Hakimu.

— Ni upuuzi, lakini ni neno, — alisema Redio. — Ila nyie hamjui. Sitara ana jini la Kihabeshi, linameza pipa na kulitapika usiku. Kuna mtu Magogoni ameliona likinywa maji ya bahari kuondoa kiu.

— Lilikunywa kiasi gani? — aliuliza Natvarlal.

— Pantoni ilikaa juu ya tope, bwana. Halafu tazama: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sitara ana miguu miwili mizima. Maana yake anasikia. Lakini anasikia kwa nani?

Wakautazama ule ukuta kama watu wanaotazama kaburi la sharifu.

— Bakili, mimina, tupate nguvu.

— Imekwisha, Redio. Mmekunywa hata machicha.

Shangazi yake Celina, Mektilda, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya mihogo. Alikuwa ameshuka garimoshi jana tu, kutoka Kibosho.

— Kahawa imekwisha? — aliuliza. — Mwanangu, shamba letu la kihamba ni mibuni mitupu. Nachuma, naanika, napeleka chama cha ushirika. Kuionja, sijawahi hata siku moja. Nilisema nikifika Dar nitaionja.

— Kesho, shangazi.

Kule kona wakachomoza wanaume wawili, kanzu nyeupe, kofia za viua, wanatembea kama waendao msikitini. Bakili akasimama, akavipanga vikombe kiganjani, akaanza kuvigonganisha: kacha-kacha-kacha. Hakuna aliyegeuka. Kijiweni sauti ile ni kama jogoo, nani anamwuliza jogoo?

Mektilda alinyanyuka, akajifuta mikono, akauinua ule mdila na kuutikisa.

— Baba, — alisema kwa sauti ya kwao ya mlimani, isiyojua kunong'ona, — mbona unaita wanywaji na mdila ni mkavu?

Redio akamtazama Bakili, akautazama ukuta, akavitazama vikombe.

— Mama yangu, — alisema polepole. — Jini lenyewe hili hapa.

Kanzu ya kwanza, iliyokwisha fika na kusikia, ikamdaka Bakili kifundo cha mkono. Ya pili ikajibanza kando ya mlango mdogo wa ua wa Sitara, ule wa uchochoroni ubavuni mwa duka. Bakili alitetemeka, na vikombe vikaendelea kulia vyenyewe, kacha-kacha, vikisema kule ndani: tokeni, tokeni.

Mlango ukafunguka. Sitara alitangulia, debe kichwani, kanga juu yake. Nyuma yake wateja wake, wale wanaolipwa kinywaji kwa kubeba, mmoja na pipa, mmoja na madebe. Wa mwisho alikumbatia bomba la shaba kama mtoto mchanga, bado amevaa kaptula ya bandarini.

Mwiko ukamponyoka Celina, ukazama kwenye mafuta.

Isidori alisimama katikati ya watu wote, akipepesa macho kwenye ukungu wake. Akaona kitu cheupe mbele yake, akakisogelea, akaweka mkono begani pake.

— Bakili, ndugu yangu, — alinong'ona, — wamefika wapi?

Askari akaushika ule mkono.