Sauti Iliyojua Kovu la Kaka Yangu

Assalamu alaikum, dada zangu. Nimewasikia mkisimulia habari za matapeli wa simu, nikaona na mimi nisimame. Mimi nilitapeliwa kabla simu za mkononi hazijafika kwetu.

Miaka ya tisini nilikuwa Rhamu, mji wa mpakani, mjane kijana, nalima vitunguu kando ya mto Daua na kufuga mbuzi. Vita vya ng'ambo ya mpaka vilitutenganisha na kaka yangu. Njia ya kutafutana ilikuwa taar, ile redio ya kuitana iliyotumia betri ya gari. Wallahi, naikumbuka kwa mapenzi. Tulikaa mikekani nje ya kibanda cha redio, chai ya maziwa ya ngamia ikizunguka, tukingoja majina yaitwe. Tukisikia hewani kuwa amezaliwa mtoto wa mtu tusiyemjua, tulipiga vigelegele.

Lakini ndugu zangu, nawaambia, hewani walisikiliza pia wasiotutakia mema. Nami kila nilipopata nafasi nilimtaja kaka yangu, jina lake, hata kovu la shavuni.

Siku moja nikaitwa. Mwanamume akasema kaka yangu yu hai, ila ni mgonjwa, hawezi kufika redioni. Akalitaja lile kovu. Nililia kwa furaha. Akasema nimpe mjumbe wake mbuzi, wauzwe apate dawa, na nisimwambie mtu, maana kaka ana maadui. Nikawatoa mbuzi wangu wote wa maziwa. Haukupita muda, akataka ngamia jike ambaye marehemu mume wangu aliwaachia watoto.

Habaryar, mama yangu mdogo, akanikuta nikimfungua. Hakunigombeza. Akaniuliza nampeleka wapi, kisha tukaenda wote redioni. Akamwambia yule mtu, "Muulize mgonjwa, mama yake alikuwa akimwitaje utotoni? Tunangoja."

"Hakuna muda, mama. Anakufa."

"Jina alilopewa na mama yake halimshindi hata anayekufa."

Akatutukana, kisha tukasikia mkwaruzo mtupu. Jamani, niliona kama nimemzika kaka yangu siku ile.

Nikajifungia ndani kwa aibu, watoto wakinywa chai ya rangi. Majirani ndio walionitoa. Huyu alileta mbuzi, yule akaleta maziwa, wala hakuna aliyenicheka. Nikapata nguvu ya kurudi kibandani na kusimulia yote. Kumbe wenzangu wawili nao walikuwa wameanza kuitwa na sauti ile ile! Tukakubaliana, hakuna kwenda redioni peke yako, na anayekwambia fanya haraka, usimwambie mtu, huyo mwogope.

Msimu wa mvua uliofuata, kaka aliita mwenyewe. Nikamuuliza swali la habaryar. Akacheka, akalitaja jina, kisha akasema, "Abaayo, dada yangu, uliza na lingine. Uliza mpaka moyo wako utulie."

Namshukuru habaryar, Mungu amrehemu, na wale majirani wa Rhamu. Niliyojifunza ni haya: mtu wako wa kweli hachukii ukimuuliza. Siku hizi kila mmoja ana simu yake, anadanganywa peke yake, analia peke yake. Ujumbe wa kukutia hofu ukiingia, usijibu kwanza. Nenda kwa jirani, mwambie, njoo tuusome pamoja.